Kifua cha Ukoo Wetu

Kila asubuhi nikifungua kopo la mafuta ya mgando ili nimpake mwanangu kabla hajaenda shule, kuna kitambo kidogo ambacho mimi sipo pale chumbani. Harufu ile hafifu hunirudisha Mpanda, kwenye darasa la sakafu ya vumbi, mikono ya watoto ikiteleza kwa mafuta, na shuka kuukuu jeupe likikatwa vipande juu ya meza ya mwalimu. Watu wa rika langu wengi mafuta hayo huwakumbusha mama zao, au baridi ya mwezi wa sita. Mimi hunikumbusha moshi.

Tulikaa Bondeni. Ardhi ilianzia juu, Kilimani, walikojenga watu waliowahi kufika mjini au wenye uwezo, ikashuka kupita shule yetu na mashine ya kukoboa mpunga, ndipo ikatufikia sisi chini, kando ya kijito. Familia nyingi za Bondeni zilikuwa zimetoka Mishamo, makazi ya wakimbizi wa kutoka Burundi. Wazazi wetu walikuwa na vyeti vya uraia, vimefungwa kwenye nailoni na kulazwa chini ya godoro, ila nyumbani bado tuliamkiana kwa Kirundi. Viwanja vya chini tulivipata kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka.

Mashine ilikuwa mali ya Baba Shija, Msukuma mrefu mpole aliyekuja na ng'ombe kutoka kaskazini, akauza baadhi, akaingia kwenye biashara ya mchele. Mwanawe Shija nilisoma naye darasa moja. Baba yangu alikuwa mbebaji wa magunia pale pale. Nyuma ya mashine kulikuwa na fungu la pumba lililoizidi nyumba yetu kimo, na kila msimu wa mavuno lilichomwa. Pumba haziwaki kama majani makavu. Zinaungua kwa ndani, polepole, bila mwali, zikitoa moshi mzito wa rangi ya majivu, na moto huo unaweza kuendelea mpaka watu wakasahau kwamba kuna kitu kinaungua.

Nilikuwa naipenda harufu ile. Ilifanana na ukoko wa wali uliokaa jikoni kupita kiasi, na kwangu ilikuwa na maana moja tu: mpunga umeingia, Baba ana kazi, tutakula. Kwamba ilikuwa na uhusiano wowote na kukohoa kwetu, hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Sababu ya kukohoa kwetu niliijua tayari. Bibi alikuwa ameniambia.

"Ni kifua cha ukoo," alisema Bibi, mama yake baba. "Babu yako alikohoa. Baba yake babu yako alikohoa. Hiki kifua tulivuka nacho mpaka."

Nami nilikiona kabisa kikivuka. Niliwaona wazee wetu wakitoka Burundi kwa miguu, huyu kabeba sufuria, yule mkeka, na mmoja wa nyuma kajitwisha kifua, kimefungwa kamba kisije kikaanguka njiani. Majirani zetu nao walikohoa, lakini nao walikuwa watu wa kwetu, kwa hiyo nao walivuka nacho. Hesabu yangu ilikubali kila upande. Watoto wa Kilimani wakitutania shuleni, "Nyie wa Bondeni hata salamu mnaanza na kukohoa," niliudhika, lakini sikuwabishia. Mtu habishii urithi wake.

Aliyeniumiza ni Zaka. Zaka, mdogo wangu, alikuwa bado hajaanza shule. Msimu ule kifua kilimbana kuliko sisi wote. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda, akivuta pumzi kwa sauti nyembamba kama ya kifaranga, na Mama akimsugua mgongo. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, akarudia. Ndipo Bibi akatoa hukumu: mvua zikikaribia, Masenge, yaani dada yake baba, aje kutoka Mishamo amchukue Zaka akaishi naye moja kwa moja. Kule angalau wapo wazee wanaojua kuishi na kifua cha ukoo. Baba alikubali. Mama hakukubali wala hakukataa, alianza tu kumshonea Zaka kaptula. Mimi nilimwambia Zaka kwamba Mishamo kuna maharage mengi na baiskeli za kila aina, akaniuliza kama na mimi nitakuwepo.

Muda huo huo Mwalimu Limi alihamia shuleni kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na alikabidhiwa klabu ya mazingira, ambayo hadi hapo kazi yake ilikuwa kufagia na kumwagilia miche. Siku moja darasani alituuliza tumerithi nini kwa wazazi wetu. Mmoja akasema macho, mwingine urefu. Shija akasema ng'ombe, tukacheka. Mimi nikasimama wima na kusema, "Kikohozi."

Mwalimu hakucheka. "Nani alikwambia, Devota?"

"Bibi. Anacho na yeye."

"Alianza kukohoa akiwa wapi? Mishamo, au hapa mjini?"

Sikujua. Nilishangaa kwamba sikujua, maana nilijiona mtoto anayejua mambo ya kwao. Nilipofika nyumbani nilimkuta Bibi anapepeta mchele, nikamuuliza vile vile nilivyoulizwa.

"Mishamo?" akasema Bibi. "Mishamo nilikuwa nashinda shambani tangu asubuhi. Nani alikuwa na muda wa kukohoa?"

"Kwa hiyo ulikuwa hukohoi?"

"Nimekwambia nilikuwa nalima. Niache nimalize mchele."

Nililibeba jibu hilo hadi shuleni kama yai. Mwalimu Limi alilisikiliza, akaniomba nilirudie, kisha akatazama dirishani kuelekea kwenye fungu la pumba. Jioni ile alitukusanya sisi wanaklabu, akatupandisha hadi ukuta wa juu wa shule, akatuambia tuangalie tu, tusiseme. Mashine ilizimwa. Mlinzi akalifukua fungu kwa reki, moshi ukaanza. Ulipanda mpaka usawa wa paa, ukasita, kisha ukalala. Ukateleza mteremko mzima ukifuata kijito, polepole, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye mfereji, ukaenda kutulia juu ya mapaa ya Bondeni. Kilimani, nyuma yetu, anga ilikuwa safi mpaka ungeweza kuhesabu majani ya mikaratusi.

"Jioni hewa inapoa," Mwalimu alisema. "Hewa ya baridi ni nzito, inashuka kama maji. Na inabeba kilichomo."

"Labda leo tu, mwalimu," Shija akasema.

"Labda. Ndiyo maana tutapima."

Alileta shuka lake mwenyewe, kuukuu, jeupe. Tukalikata vipande sawa, tukavipaka mafuta ya mgando ili chochote kinachoelea hewani kinate. Kila mwanaklabu akapewa kipande cha kutundika mlangoni kwao, mbali na jiko, kwa juma zima. Vingine vilienda Kilimani, kimoja kwa kina Shija, kimoja sokoni, kimoja shuleni, na vilivyobaki Bondeni. Mwalimu hakututuma tuwaambie wazazi ni vya nini hasa. Alifikiri, na mimi nilifikiri, kwamba kitambaa kikitundikwa kitakaa kilipotundikwa.

Juma lilipoisha tulivipanga mezani. Cha sokoni kilikuwa chekundu kwa vumbi. Cha shuleni kilikuwa kijivu. Vya Kilimani vilikuwa na madoa machache. Vya Bondeni, vyote, vilikuwa vyeupe. Si vyeupe kiasi. Vyeupe kuliko shuka lilivyokuwa kabla halijakatwa.

Shija alikiinua cha kwetu, akakipepea. "Mwalimu, hamieni Bondeni. Kumbe ndiko kwenye hewa ya hospitali."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Limi akakaa kitini, akakipindua kitambaa upande huu na upande ule. Nilimhurumia, lakini zaidi nilikuwa na kero ya kuona kitu kisichokaa sawa. Mwanzoni mwa juma lile nilikuwa nimekiona kitambaa chetu nikitoka kuchota maji, na kilikuwa kimeanza kushika masizi. Nilikiona kwa macho yangu. Na kingine: kilichokuwa mezani hakikuteleza. Nilikigusa. Hakikuwa na hata tone la mafuta.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa uani, mikono kwenye beseni.

"Mama, kile kitambaa changu cha mlangoni, kuna mtu alikigusa?"

"Kile tambara?" Mama hakuinua uso. "Nilikifua."

"Ulikifua?"

"Kila siku. Sasa nikiache? Tambara jeupe, limejaa masizi, linanata mafuta, umelitundika mlangoni kwangu kila apitaye alione. Wewe unataka waseme mama yako amekuwaje?"

Nilikwenda kwa jirani, nikaenda na kwa jirani wa jirani. Wote walikifua. Mmoja alitumia majivu kutoa mafuta na alitaka nimsifu. Mama mmoja alikuwa amekipiga na pasi ya mkaa, ndiyo maana pembe zake zilikaa vizuri vile.

Ili uelewe, lazima uwajue wanawake wa Bondeni. Walikaa chini kabisa ya mji, wakisemwa kwamba ni watu wa kuja, na kitu pekee ambacho hakuna aliyeweza kuwanyang'anya kilikuwa usafi. Ua ulifagiliwa kabla watoto hawajaamka. Sufuria zilisuguliwa nje hadi mtu ajione. Nguo zilizoanikwa zilianuliwa alasiri kabla moshi haujashuka, na zilizochelewa zilirudiwa kufuliwa, bila mtu kuuliza kwa nini. Kitambaa kichafu mlangoni kwao kilikuwa sawa na kutukanwa, na walijibu kwa sabuni.

Nilipomweleza Mwalimu Limi alicheka mpaka akafuta macho.

"Wanafua moshi," akasema. "Wanaufua kila siku, ndiyo maana hauonekani."

Jumamosi alishuka Bondeni mwenyewe. Wanawake walikusanyika uani kwetu, wakampa kiti, wakamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Adabu hiyo ilikuwa ya kukataa.

"Mwalimu," Mama alisema, "unataka nikae na uchafu mlangoni juma zima, na Jumapili ikiwa ndani yake? Watu wa kanisa wanapita hapa."

"Ndiyo, mama Devota. Nataka wauone."

"Wataona mimi mchafu."

"Wataona mnachovuta."

Bibi, kwenye mkeka, akasema kwa sauti kwamba mambo ya ukoo hayapimwi kwa shuka. Mwanamke mmoja akaongeza kwamba wanaume wao wanabeba magunia kwenye mashine ile ile, na Baba Shija akikasirika watakula vitambaa. Hapo hakuna aliyecheka, maana ilikuwa kweli. Nilimtazama Mama. Mama alikuwa akimtazama Zaka, aliyekaa kizingitini akivuta pumzi na mabega, amevaa kaptula mpya ya safari aliyokuwa akijaribishwa.

"Lete hicho kitambaa," Mama akasema. "Na mafuta yapakwe vizuri, nisije nikasikia tena kwamba kwangu kulikuwa kweupe."

Wengine walimfuata, mmoja mmoja, kwa shingo upande.

Nimeona mengi tangu wakati huo, lakini bado sijaona ushujaa kama wa juma lile. Vitambaa viligeuka rangi mbele ya macho yetu: kwanza kama maziwa yaliyoingia majivu, kisha kama maji ya kuoshea sufuria, kisha weusi wenyewe, na chembe za pumba zilizoungua zimenasa humo kama sisimizi. Mara mbili nilimkuta Mama amesimama mbele ya kitambaa, kipande cha sabuni mkononi, akageuka na kuingia ndani. Jumapili alivaa kitenge chake cha harusi, akabeba kigoda, akaketi pembeni kabisa ya kile kitambaa. Watu wa kanisa walipita, wakatazama, wakamtazama na yeye. Aliwasalimia wote kwa majina. Mlango kwa mlango, Bondeni nzima, wanawake walikuwa wamekaa hivyo hivyo, wamependeza, na uchafu ukining'inia begani mwao.

Mkutano wa mtaa ulifanyika kiwanja cha shule. Mwenyekiti alitupa nafasi baada ya habari za mitaro. Tulifunga kamba kati ya magoli, tukabana vitambaa kwa mpangilio wa mteremko, kuanzia Kilimani hadi kijitoni. Hatukuhitaji maneno mengi. Kamba ilianza nyeupe na kuishia nyeusi. Kazi yangu ilikuwa kueleza, nami nilieleza kwa utaratibu: tulitundika wapi, mbali na jiko kiasi gani, moshi unashuka vipi mashine ikizimwa.

Mzee mmoja wa Kilimani akainua mkono. "Huo ni moshi wa kuni zao. Bondeni wanapikia kuni."

"Na nyie Kilimani mnapikia nini, mwanga wa jua?" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, watu wakacheka.

Mzee hakukubali. "Mbona nasikia juma la kwanza vya kwao vilikuwa vyeupe? Mwanangu aliniambia. Kipi tuamini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama alisimama. Baba alikuwa upande wa pili na wabebaji wenzake, karibu na mwajiri wao, na niliona amekaza taya.

"Vilikuwa vyeupe kwa sababu nilivifua," Mama alisema. "Mimi na hawa wenzangu. Watoto hawakujua. Nafua moshi wa watu tangu nihamie hapa, nguo, shuka, mapazia. Juma hili niliacha kufua, ndicho hicho mnachokiona. Kuna kimoja tu nisichoweza kukifua." Akamshika Zaka mkono na kumsimamisha. "Kifua cha huyu."

Kisha akakaa, akaipanga kanga yake magotini.

Baba Shija alitoka alipokuwa amesimama, akaenda hadi mwisho wa kamba. Hakuwa mtu wa maneno makali. Alikibandua kitambaa chetu, akachukua chembe moja kwa ukucha, akaisugua, akainusa.

"Hizi ni pumba zangu," alisema. Alisema kwa utaratibu, kama mtu anayetambua ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine. "Mimi mchana sichomi. Nasubiri jioni, shule imefungwa, wateja wameondoka, nisimsumbue mtu. Nilijua nafanya vizuri."

"Jioni ndiyo mbaya, baba," Shija alisema. Alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika ncha ya kamba. "Inashuka yote kwao. Nimeona mwenyewe."

Baba yake akamgeukia Mama, na mbele ya wabebaji wake na watu wote wa mtaa akasema, "Mama Devota, naomba radhi. Fungu lile halitawashwa tena pale."

Halikuwashwa. Mikokoteni ilikuja kuzoa pumba, nyingine kwa wachoma matofali nje ya mji, ambako hakuna nyumba upande wa kijito, nyingine mashambani kulainisha udongo. Kazi ilikuwa kubwa kiasi kwamba Baba alipata siku zaidi za kubeba. Sitaki kudanganya kwamba Mpanda nzima ilipona. Mashine zingine ziliendelea kuchoma, na klabu yetu ilipata kazi ya miaka. Lakini Bondeni jioni zilifunguka. Zaka hakupona ghafla. Alipona kama watoto wanavyokua, huoni, mpaka siku unamwona anakimbiza tairi mteremkoni anapiga kelele, na unagundua kwamba kelele inahitaji pumzi.

Hivyo ndivyo Masenge alivyomkuta. Alifika kwa pikipiki kutoka Mishamo mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, gunia la maharage mbele na begi tupu la nguo za mtoto mgongoni. Alisalimia, akanywa maji, akauliza kama Zaka yuko tayari.

"Haendi," Bibi alisema, akiendelea kuchambua maharage.

"Haendi? Si wewe uliyeniita? Na kile kifua cha ukoo?"

"Ukoo gani una kifua?" Bibi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kusema vinginevyo maishani mwake. "Ule ulikuwa moshi."

Masenge akamtazama Mama, Mama akatazama pembeni akijizuia kucheka. "Nani kakwambia hayo, mama?"

Bibi alitupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage, akanionyesha kwa kidevu.

"Muulize huyo hapo. Ndiye aliyeupima."